Maji Yaliyokaa Juani

Ilikuwa mwaka 2022, wakati wa kiangazi, na kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Masika yaliyokitangulia yalipita Miteja kama mgeni asiyevua viatu: yaligusa kizingiti, yakaaga. Kufikia mwezi wa Julai kamba za visima zilikuwa zimeungwa vipande, na mwenye kuteremsha ndoo alilazimika kutega sikio, maana sauti ya ndoo kugusa maji ilikuwa imekaribiana mno na sauti ya ndoo kugusa tope.

Katika kijiji hicho aliishi Mwanaima binti Suleiman, mjane aliyeukaribia umri wa miaka sitini, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Zamani, baada ya swala ya adhuhuri na chakula cha mchana, alijilaza mkekani kama watu wote. Mwaka ule hakujilaza. Jua lilipokuwa utosini na kila mlango umerudishwa, yeye alijifunga kanga ya pili kiunoni, akatwaa ndoo, akapita nyuma ya nyumba hadi uani pa msikiti. Hapo palikuwa na birika kubwa la saruji lililopokea maji ya mvua kutoka kwenye paa, maji ambayo waumini waliyatumia kutawadha. Marehemu mumewe alikuwa muadhini, na ufunguo wa ua ule ulibaki kwake kwa kuwa ndiye aliyefagia upande wa wanawake. Alichota, akajitwika, akaenda hadi kisimani, akayamimina maji taratibu kando ya ukuta ili yateremke bila kishindo. Kisha akarudi kuchota tena.

Kisima chenyewe kiliitwa Kisima cha Bibi Siti, na Bibi Siti alikuwa mama yake mzazi. Bibi huyo, alipohisi kwamba siku zake zimekaribia kwisha, alitoa shamba lake la minazi ili kisima kichimbwe, kiwe sadaka yake isiyokatika: kila koo litakalopoa kwa maji yale, yeye aandikiwe thawabu huko aliko. Kwa miaka mingi makoo yalipoa. Kisha chumvi ikaanza kupanda kutoka chini, kwanza kama dhana, baadaye kama jambo lisilofichika, na wanawake wakawa wanakipita kisima hicho na ndoo tupu kichwani wakienda mbali zaidi. Mwezi wa Ramadhani mtoto wa jirani alifuturu kwa maji yale, akayatema. Watu walicheka. Mwanaima hakucheka. Aliona kana kwamba mtoto ametema juu ya kaburi.

Siku ya pili yake ndipo alipoanza kumimina. Maji ya mvua ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Yalikaa juu kama mafuta yakaavyo juu ya mchuzi, na aliyeteremsha ndoo alichota yale ya juu. Kisima nacho kilikuwa kimekauka hata maji yake yakawa ya kina cha magoti, hivyo ndoo chache zilitosha. Watu wakaonja, wakatazamana, wakasema kisima kimepona. Wanawake wakarudi. Mwanaima aliwasikia kutoka uani kwake wakichota na kuteta, na kila ndoo iliyopanda ilimfurahisha na kumtia hofu kwa pamoja.

Mwezi ule wa Julai akafika Dativa.

Alikuwa mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa uwanda wa Makonde. Wafadhili walikuwa wamekubali kuchimbia kijiji kisima kirefu cha mtambo, kimoja tu, na kazi yake ilikuwa kuonyesha mahali pa kukichimba. Mwenyekiti wa kijiji alimpangia kulala kwa Mwanaima kwa sababu kulikuwa na chumba kitupu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Maji ya kuoga yapo uani, ila uyatumie kwa adabu. Mwaka huu hatuogi, tunajipangusa."

Saida, wifi yake Mwanaima, mke wa kaka yake, aliyekuwa kibarazani akibangua korosho, hakuchelewa kumpokea mgeni kwa namna yake. "Mtaalamu wa maji ni Mmakonde! Yarabi, dunia imepinduka. Si ninyi mliokwenda kujenga juu huko, mkayaacha maji bondeni?"

"Ndiyo maana nimeyasomea, mtani wangu," Dativa akajibu huku akitua begi lake. "Mama yangu aliuteremka mteremko ule kila uchao, mtungi kichwani. Ninyi mliozaliwa kando ya maji mnadhani yanajiotea."

"Huyu ana mdomo," Saida akamwambia wifi yake. "Mpe chumba chenye dirisha."

Kila alfajiri Dativa alivizungukia visima vya kijiji na vya mashambani. Alitumbukiza kipimo kilichoonyesha kiasi cha chumvi, kisha akajaza chupa ndogo hadi pomoni, akazifunga zikiwa zimezama ndani ya maji ili hata povu moja la hewa lisisalie. Alasiri alizipanga chupa zake barazani, akazibandika majina ya visima, na Mwanaima, aliyekuwa akipepeta mchele uliokwisha kupepetwa, alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Mbona unazijaza hata pumzi haipati pa kukaa?"

"Hewa huyaharibu, Mama. Humu mna habari zake zote: mvua gani iliyaleta, yamepita katika mchanga au katika mawe, yamekaa gizani tangu lini. Mtu anaweza kukudanganya alikotoka. Maji hayawezi."

Ungo ulisimama hewani kwa kitambo, kisha ukaendelea.

Siku iliyofuata walikutana kisimani. Dativa alikuwa amechuchumaa, kipimo mkononi, paji la uso likiwa limekunjamana. "Mama, kisima hiki kinanisumbua. Visima jirani vyote vimeingiwa na chumvi ya upande wa mikoko. Hiki kimo katikati yao, na maji yake ni matamu. Nimepima tena na tena. Kuna mtu anayetia chochote humu?"

"Nani atie kitu kisimani, mwanangu?"

Alijibu swali kwa swali, na swali haliwi uongo; ndivyo alivyojiambia njia nzima ya kurudi nyumbani, akijiambia kwa sauti ndogo, kama mtu anayefundisha mtoto mkaidi. Alipofika alifagia ua uliokwisha kufagiwa.

Dativa akaondoka na masanduku yake ya chupa kwenda maabara. Mwanaima angeweza kuacha siku ile. Alitaka kuacha. Lakini angeacha, chumvi ingerudi, na watu wangeuliza kwa nini imerudi mara tu baada ya mpimaji kuondoka. Aliyekwisha kuyavulia maji nguo hana budi kuyaoga. Agosti ikapita, Septemba ikapita, naye akawa anajitwika ndoo katika jua kali, akisimama nyuma ya kila kona kusikiliza kabla ya kuvuka. Usingizi wa mchana ulimhama, na ule wa usiku ukaufuata. Alikonda. Saida akasema wifi yake ana jini au ana mchumba, na kwamba katika umri ule afadhali jini.

Jambo jingine likaanza kuonekana. Maji ya birika yalikuwa yakishuka upesi kupita miaka yote, na mabati yaliyolifunika yaling'olewa na upepo tangu mwaka uliotangulia, hivyo ukuta wake wa ndani ulionekana dhahiri ukizidi kurefuka. Maalim Abdulwahab, imamu wa msikiti, mtu mkavu aliyehesabu maneno kama ahesabuvyo tasbihi, aliwataka waumini watawadhe kwa kopo moja. Hayo hayakusaidia. Akaitwa Fundi Mfaume, ambaye hakuna kazi ya saruji aliyopata kuikiri kuwa imemshinda. Mfaume aliingia birikani, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio, akagonga tena.

"Nimeuona," akatangaza kutoka ndani, sauti yake ikivuma kama mtu aliye mtungini. "Ufa! Mwembamba kama unywele, lakini ni ufa. Maji yanakimbia."

"Uko wapi?" Maalim akauliza, akichungulia.

"Maalim, jicho lako ni la vitabu. Huu unahitaji jicho la fundi."

Mwanaima alikuwa upande wa pili wa ua, ufagio mkononi. Alisikia mwiko ukipaka saruji juu ya ufa usiokuwepo, na kila mpapaso ulimpita mgongoni. Juma lililofuata maji yalishuka tena. Mfaume akasema ufa umehama.

Mwezi wa Oktoba, mabibo yakidondoka na harufu yake ikiwa imetanda kila mahali, Dativa alirudi na majibu. Mkutano wa kijiji uliitishwa uwanjani mwa shule, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine wamekalia kanga zao. Dativa alisimama bila karatasi, akazungumza kwa lugha ambayo hata mtoto angeielewa.

"Maji yakikaa juani," alisema, "jua huyanyanyua yale mepesi, na yale mazito hubaki. Uzito huo haupungui tena, hata yakizama ardhini miaka mia. Katika visima vyote nilivyopima, maji ni ya mvua iliyozama moja kwa moja. Isipokuwa kisima kimoja: Kisima cha Bibi Siti. Maji yake ni matamu, na yana alama ya jua. Yalikaa mahali pa wazi kwa miezi mingi kabla ya kuingia chini." Alinyoosha mkono upande wa kaskazini. "Na hapa kijijini mahali pa wazi ambapo maji hukaa juu ya udongo miezi mingi ni mahali pamoja tu: lile dimbwi wanakonywesha wafugaji. Naamini dimbwi lile linazama polepole na kupita chini kuelekea kisimani. Mtambo utachimba katikati ya dimbwi na kisima. Umekwisha kuondoka Lindi."

Watu walipiga makofi. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele. Saida alimpiga Mwanaima kikumbo cha furaha. "Unasikia? Kisima cha mama mkwe ndicho kilichotuonyesha njia! Mwenye sadaka yake hafi."

Mwanaima alitabasamu kwa midomo. Alilijua jua lile. Alijua hata ukuta lililoupiga. Maji yale hayakutoka dimbwini. Yalitoka kichwani pake.

Tangu saa ile hakukaa. Aliinjika chungu akakisahau, ugali ukashika. Alikwenda shambani kuokota korosho, akarudi na kikapu kitupu. Jambo lililomzunguka lilikuwa moja tu, lakini lilikuwa na pande mbili, na kila upande ulichoma. Akinyamaza, mtambo utatoboa mahali pasipo na maji, au penye chumvi tupu, na kijiji hakitapata mtambo mwingine. Watoto wa Miteja watakunywa tope kwa ajili ya siri yake. Akisema, kisima kitapimwa upya, kitaonekana kilivyo, kitafungwa, na hakuna koo litakalopoa tena kwa jina la mama yake. Alijaribu kuswali ili apate utulivu, akajikuta amesahau rakaa. Alimwota mama yake akiwa na kata mkononi, na kata ilikuwa kavu.

Mtambo ulifika siku ya tatu, gari kubwa la rangi ya machungwa lililotimua vumbi hata majani ya mikorosho yakageuka rangi. Kutoka uani kwake Mwanaima aliusikia ukinguruma upande wa kaskazini, ukisogea, ukisimama, ukisogea tena. Alitoka. Alifika njia panda, akarudi. Akatoka tena, akafika mbele kidogo, akarudi kufunga mlango aliokuwa ameufunga. Safari ya tatu alikutana na Fundi Mfaume akitoka kutazama mtambo, suruali imekunjwa magotini.

"Mama Mwanaima! Unakwenda kuona ajabu? Lile dude lina miguu ya chuma minne, nao sasa wanaiweka sawa kwa kipimamaji. Nimewashauri kidogo."

"Wameanza kuchimba?"

"Bado, wanaunga mabomba. Lakini sikiliza, nimepata dawa ya lile birika. Safari hii nitalipaka tabaka mbili, juu hadi chini. Ufa ule, Mama, ni wa kishetani. Kila nikiuziba huku, unatokea kule. Sijapata kuona ufa mwerevu namna ile."

"Mfaume," akasema, na sauti yake ilitoka kwa ukali ambao hakuukusudia, "usipake kitu. Hakuna ufa."

"Hakuna? Nimeuona kwa macho haya!"

Lakini Mwanaima alikuwa amekwisha kumpita, naye sasa hakutembea bali alikimbia, kanga ikimponyoka mabegani, kwa jinsi ambavyo hakuwa amekimbia tangu usichana wake.

Dativa alikuwa kando ya mtambo, kofia ngumu kichwani, akizungumza na msimamizi wa wachimbaji. Alipomwona alitabasamu. "Mama, umekuja kutuombea dua?"

"Zima hilo dude."

"Mama?"

"Lizime, mwanangu, nisikie ninachosema."

Dativa alimtazama usoni, kisha akamwashiria msimamizi. Ngurumo ilikufa, na kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa hata ng'ombe wa dimbwini waliinua vichwa. Mwanaima alisema yote akiwa amesimama, bila kupumzika katikati: kisima, chumvi, mtoto aliyetema, ufunguo, ndoo, birika lisilo na paa. Alipomaliza hakujua mikono yake aiweke wapi.

Dativa hakupiga kelele, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alivua kofia. Aliuliza kama aulizavyo mganga: maji kiasi gani, saa ngapi za mchana, na siku zile alizokuwa akipima yeye alfajiri, je, jana yake yalikuwa yamemiminwa? Mwanaima akajibu kila moja.

"Nilikuuliza," Dativa akasema mwishowe. "Nilikuuliza pale pale kisimani."

"Uliniuliza. Nami nikakujibu kwa swali."

"Hilo nalo ni jibu, Mama. Nilikula kwako. Nililala kwako. Nikasema huyu hanifichi kitu." Alitazama upande mwingine. "Umenihadaa kiangazi kizima. Na kama ungechelewa hadi alasiri, ungekuwa umekinyima kijiji maji."

"Ndiyo."

"Wala hutajitetea?"

"Sina la kujitetea. Nilikuwa namtetea mama yangu, nikamdhulumu mama wa kila mtu."

Msimamizi wa wachimbaji, mtu mnene aliyekuwa akitafuta kivuli cha gari lake, aliuliza kama wachimbe au wasichimbe, maana mtambo unasubiriwa Mingoyo. Dativa akamwambia asubiri hadi kesho kutwa, naye atapata jibu moja lisilobadilika. Kisha akamgeukia Mwanaima. "Twende kisimani. Tutakikausha chote, tukiache kijaze chenyewe. Nataka kuyaona maji yake mwenyewe."

Kamba waliivuta wanawake kwa zamu, lakini Mwanaima hakumwachia mtu zamu yake. Habari ilikuwa imekwisha kuenea. Hakuna aliyemtukana, ila walimwachia nafasi kubwa pembeni yake, kama aachiwavyo mtu aliyefiwa. Saida peke yake ndiye aliyesogea akashika kamba nyuma yake.

"Wifi, ungeniambia, tungebeba wawili," akanong'ona. "Kwanza ungekonda nusu."

"Saida, si wakati wa mzaha."

"Kwangu kila wakati ni wakati wake. Vuta."

Kisima kilibaki tope. Asubuhi ya pili maji yalikuwa yamerudi, machache, yakitweta kutoka katika nyufa za mawe ya matumbawe. Dativa alitumbukiza kipimo, akakitazama, akamwonyesha Mwanaima. Mwanaima hakujua tarakimu zile zina maana gani, basi akachovya kidole, akakiweka ulimini. Ilikuwa chumvi; chumvi iliyokomaa, isiyofaa hata kwa uji.

"Kifungwe kwa kunywa," Dativa akasema polepole. "Kufulia kinafaa. Pole sana, Mama."

Siku ile Dativa hakula mchana. Alizitandaza karatasi za habari za visima vyote kibarazani, akakitoa kisima kile kimoja kilichompotosha, akavitazama vilivyobaki kana kwamba havijui. Bila kisima kile, dimbwi la kaskazini halikuwa na ushahidi wowote. Sakafu yake ilikuwa ya ufinyanzi usiopitisha hata tone. Visima vilivyokuwa na chumvi kidogo kuliko vyote vilikuwa vitatu vya magharibi, vya mashambani, chini ya tuta la mchanga lenye mikorosho, navyo aliviona tangu mwanzo kuwa vidogo mno, akavipuuza. Huko ndiko mvua ilikozama, kidogo kila masika, ikijikusanya ndani ya mchanga. Mtambo ukageuzwa uso. Ulipotoboa, yaliruka maji ya rangi ya maziwa, kisha yakatakata. Hayakuwa mengi ya kujivunia. Dativa alipima, akapima tena, akasema yanatosha kijiji kwa bomba la mkono, mradi watu wasiyafanye ya kumwagilia bustani.

Mwanaima hakwenda kuyashangilia. Alikwenda kwa Maalim Abdulwahab, akapiga hodi, akaketi mlangoni, akauweka ufunguo wa ua sakafuni kati yao.

"Nimekwisha kusikia," Maalim akasema.

"Nataka kujua mambo mawili. Mama yangu imekuwaje? Sadaka yake imekatika?"

Maalim aliutazama ufunguo pale sakafuni. "Mama yako alichimba kisima, kikanywesha watu miaka yote kiliyokadiriwa. Yaliyokwisha ni maji. Thawabu zake si zako wala zangu hata tuzipime. La pili?"

"Maji ya birika."

"Hayo yanipasa mimi kuyasema. Yalikuwa wakfu wa kutawadhia. Ukiyachukua kwa jambo jingine, hata liwe jema machoni pako, umevunja amana." Akauchukua ufunguo, akautia mfukoni mwa kanzu. "Ufunguo nitaushika mimi. Ijumaa nitawauliza waumini kama wanakusamehe."

Ijumaa aliwauliza, naye Mwanaima alikuwa nyuma ya pazia upande wa wanawake. Walisema wamesamehe, wote kwa sauti moja, isipokuwa Fundi Mfaume, aliyesimama na kusema kwamba yeye anasamehe maji, lakini saruji haisamehe, kwa kuwa imemfanya kichekesho hadi Kivinje.

"Ulisema umeuona ufa kwa macho yako," mtu mmoja akamkumbusha.

"Niliuona! Aliyekosa ni ufa, haukuwepo."

Msikiti mzima ukacheka, hata Maalim akainamisha uso. Kicheko kilipotulia, sauti ya Mwanaima ilisikika kutoka nyuma ya pazia, ndogo lakini imenyooka. "Nawashukuru kwa msamaha wenu. Lakini birika si lenu hata mnisamehe. Walioliweka wakfu wamelala makaburini, nao hawajaulizwa. Nitalilipa."

"Utalilipa kwa kitu gani?" Maalim akauliza.

"Kwa maji."

Maalim alifikiri. Kisha akasema kwamba kila mwaka, kabla ya mvua za kwanza, maji ya birika huwa yamefika ngazi ya tatu kutoka chini, kati ya zile za kuteremkia ndani yake. Asiyeamini awaulize wazee. Yakifika hapo, deni limekwisha.

Ndipo ilipoanza kazi ya Mwanaima ya siku zile, safari hii mbele ya macho ya watu wote. Bomba jipya lilikuwa mbali, juu ya tuta la mikorosho, na foleni yake haikuwa na upendeleo. Alichota ndoo ya kunywa kwanza kama kila mtu, akaipeleka nyumbani, akarudi mkiani mwa foleni kuchota ya birika. Wanawake walipomwambia apite mbele alikataa. Dativa, siku ya kuondoka kwake, alimkuta kwenye foleni, akaishika mikono yake yote miwili kwa muda, akasema tu, "Baki salama, Mama," na Mwanaima akamjibu, "Nenda salama, mwanangu. Nitakuja kumsalimia mama yako huko juu." Hakuna aliyetaja kiangazi.

Maji yalipanda birikani kwa ukaidi. Ngazi ya kwanza ikafunikwa, kisha watu wakatawadha, ikafunuliwa tena. Mwanaima akaongeza safari. Hewa ikaanza kuwa nzito. Mawingu yalijikusanya upande wa bahari kila alasiri, yakatawanyika, yakajikusanya tena karibu zaidi. Watu walifurahi. Yeye peke yake aliyatazama kama mdaiwa atazamavyo mlango.

"Wifi, pumzika," Saida akamwambia siku moja, alipomwona akipanda tuta mbio na ndoo. "Juma hili Mwenyezi Mungu atalijaza bure, mpaka limwagike."

"Akilijaza Yeye, langu litakuwa halijalipwa. Nitamimina wapi?"

"Basi lete ndoo ya pili, mkaidi wee. Dawa ya deni kulipa, lakini hawakusema ulipe peke yako."

"Walisema nilipe mimi. Niachie."

Siku ya mwisho anga lilikuwa limefunga tangu asubuhi, na upepo ulikuwa ukizungusha mabibo yaliyokauka uwanjani. Ngazi ya tatu ilikuwa imebaki na ukingo mwembamba mkavu. Mwanaima alipotokea njiani na ndoo, shingo imesimama, kanga imemganda mgongoni, Maalim Abdulwahab alikuwa amekwisha kuufungua ua, ameushikilia mlango kwa mkono mmoja usigongwe na upepo. Hakumsalimu, wala yeye hakumsalimu. Mwanaima alipita, akaiegemeza ndoo ukingoni mwa birika, akayaachia maji polepole, mpaka ule ukingo mkavu ukafunikwa. Bado kulikuwa na maji kidogo ndani ya ndoo. Akaiinamisha zaidi, akaipiga kitako kwa kiganja, akayamimina hayo nayo.